Hukwe Zawose: Mwalimu wa Ngoma Aliyetoka Machungani

Mwanachuo apelekwapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za milima ya Usambara, iwe Soni, Mlalo au Mtae, hukuta watoto ambao miguu yao imekwisha kuijua mdumange kabla ya mikono yao kuijua kalamu. Hawakufundishwa na mtu mwenye cheti. Walitazama, wakaigiza, wakachekwa, wakarekebishwa, wakacheza. Ikiwa hali ni hiyo, yafaa tujiulize mwalimu wa ngoma ni nani hasa, naye hutokana na malezi gani. Njia moja ya kulijibu swali hili ni kuyachunguza maisha ya mtu aliyepita njia yote, kutoka machungani hadi chumba cha kufundishia. Mtu huyo ni Hukwe Ubi Zawose.

Zawose alizaliwa mnamo mwaka 1938 katika nchi ya Wagogo, Dodoma. Nchi hiyo si kama Lushoto. Hapa kwetu kuna ukungu, migomba na mito isiyokauka upesi. Kule kuna ukame, mibuyu na ng'ombe wanaofuata maji mbali. Mtoto wa mfugaji hukaa na mifugo siku nzima, na kimya cha mbuga humfundisha kusikiliza. Katika maisha hayo Zawose alijifunza kuimba na kupiga ala, akimfuata baba yake na wazee wengine wa ukoo. Hapakuwa na ratiba wala mtihani. Lakini yangekuwa makosa makubwa kudhani kwamba hapakuwa na mafunzo.

Kwa kweli mafunzo hayo yalikuwa magumu. Uimbaji wa Wagogo ni wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana, na mwimbaji asiyewasikia wenzake huharibu wimbo mzima. Kila shughuli ina ngoma yake: ziko za jando, za mavuno na za kuomba mvua. Wanawake hupiga ngoma ya muheme, wakiibana kwa mapaja huku wakiimba. Zeze hutengenezwa kwa kibuyu kilichowambwa ngozi, nalo hupigwa kwa upinde. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vinavyobofywa kwa vidole, na juu ya tundu lake hubandikwa utando wa buibui ili sauti ipate mvumo. Mtoto anayetaka kupiga ilimba hulazimika kwanza kujua mti ufaao, chuma kifaacho, hata mahali anapoishi buibui. Hivyo somo la muziki lilikuwa pia somo la mazingira na la kazi za mikono.

Zawose alipokuwa akikua, shule nyingi za nchi hii hazikuwa na nafasi ya elimu ya namna hiyo. Watoto walifundishwa nyimbo za Kizungu, na mahali pengi ngoma ilihesabiwa kuwa ushenzi. Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoanza kazi ya urais, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wengi walijifunza dansi za Ulaya na hawakuzijua ngoma za kwao. Baadaye kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Katika miaka hiyo ya 1960 sifa za kijana wa Kigogo zilimfikia Rais, naye Zawose akaitwa Dar es Salaam.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Zawose sasa alitakiwa kucheza kwa watu. Wasanii wa kikundi kile walitoka katika makabila mbalimbali, na sindimba ya Wamakonde ilichezwa na watu ambao hawakuzaliwa Umakondeni. Tangu hapo pakawa na ubishi ambao haujaisha. Wako waliosema kwamba ngoma iliyotolewa kijijini, ikafupishwa na kupandishwa jukwaani, imepoteza roho yake: wazee hawapo, mavuno hayapo, na mtazamaji ameketi badala ya kuitikia. Wengine walijibu kwamba pasipo jukwaa hilo vijana wa mijini wasingeziona ngoma hizo kamwe, na kwamba taifa changa lilihitaji kujuana. Pande zote mbili zina haki, na mwalimu wa shule ya msingi hukutana na ubishi huo huo kila anapoingiza ngoma darasani.

Baada ya Kikundi cha Taifa kuvunjwa, Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981. Zawose akawa mmoja wa walimu wake. Zamani misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda bara ilipita Ugogo; sasa Mgogo alikuwa ameshuka pwani, akiwapokea vijana kutoka mikoa yote. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti kati ya kujua na kufundisha. Mtoto wa Kigogo amezisikia sauti za kwao tangu mgongoni mwa mama yake. Mwanafunzi aliyetoka Tanga au Mwanza hana akiba hiyo, na hapana budi apewe nafasi ya kusikia sana kabla ya kutakiwa kutenda.

Ualimu haukumfanya Zawose aache kazi ya sanaa. Alitengeneza ilimba kubwa zenye vyuma vingi kuliko ilivyokuwa desturi, akasafiri nchi nyingi na kurekodi. Santuri ya Tanzania Yetu ilitolewa London mwaka 1985. Chibite ilifuata mwaka 1996. Mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles Zawose walipiga muziki Marekani katika ziara ya mwanamuziki Peter Gabriel. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Chuo alichofundisha kiligeuzwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ukoo wake haukuitupa kazi: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha.

Ndugu mwanachuo, maisha haya yana mafunzo kwa anayejiandaa kufundisha katika wilaya ya Lushoto. La kwanza, ngoma hufundishwa ikiwa nzima. Mwalimu anayeanza kwa kuhesabu hatua, moja, mbili, tatu, huwapa watoto mifupa isiyo na nyama. Waache kwanza waone na wasikie mdumange yote, waitikie wimbo, wapige makofi. Hatua ngumu itengwe na kurudiwa baadaye, kisha irudishwe mahali pake.

La pili, zana za somo hili haziletwi na lori. Kama ilimba ilivyozaliwa kwa mti, chuma na utando wa buibui, ndivyo ala za Usambara zinavyoweza kutengenezwa na watoto wenyewe kwa vitu vya mahali pao, wakiongozwa na fundi wa kijiji.

La tatu, ambalo ndilo kubwa, mwalimu asiyeijua ngoma asijifanye anaijua. Zawose alitoka kwa wazee ambao hawakuwa walimu wa serikali. Wazee wa namna hiyo wako Vuga, wako Bumbuli. Wafuate nyumbani kwa heshima, pamoja na mwalimu mkuu, ueleze shabaha yako na uombe mmoja wao aje shuleni. Umwulize pia lipi linafaa kufundishwa mbele ya watoto wote na lipi ni siri ya unyago au jando lisilostahili kuletwa darasani. Akifika, kazi yako haijaisha: wewe ndiwe utakayepanga makundi, utakayewaongoza watoto wamwulize ngoma hii huchezwa lini na kwa nini, na utakayeyaandika maneno ya wimbo ubaoni kwa Kisambaa na kueleza maana yake kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo lile linalopotea ngoma itokapo uwanjani kwake hurudishwa kwa sehemu.

Katika kupima maendeleo, usitazame tu nani amecheza vizuri siku ya mzazi kutembelea shule. Tazama nani amejifunza kumsikiliza mwenzake, nani anaweza kueleza maana ya wimbo, na nani aliyekuwa mwoga sasa anaitikia. Huenda miongoni mwa watoto hao yumo anayelisha mbuzi mtelemkoni kila jioni, ambaye daftari lake halina alama nzuri lakini sikio lake ni zima. Usipomtambua, inawezekana hapatatokea mwingine wa kumwita.