Ohm: Mwalimu wa umeme aliyepuuzwa kwao

GEORG Simon Ohm, mwana wa fundi makufuli wa mji wa Erlangen, Ujerumani, alizaliwa Machi 16, 1789. Hesabu alifundishwa kwanza na baba yake, ambaye naye alijisomea mwenyewe.

Akiwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, alipima mkondo wa umeme katika nyaya za urefu mbalimbali. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa mkondo huongezeka kadiri volteji inavyopanda, na hupungua kadiri ukinzani unavyozidi.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini taa zilizoungwa kwa mfululizo hufifia kila inapoongezwa nyingine: ukinzani wake hujumlishwa. Zikiungwa sambamba, kama ilivyo majumbani, kila moja hupata volteji kamili, na moja ikiungua nyingine huendelea kuwaka.

Wasomi wengi wa kwao hawakuvutiwa. Ohm, aliyetumaini kitabu hicho kingemfungulia mlango wa chuo kikuu, aliacha kazi Cologne na kuhangaika hadi mwaka 1833, alipoajiriwa na chuo cha ufundi cha Nuremberg.

Heshima kubwa ilitoka ugenini. Royal Society ya Uingereza ilimtunuku Medali ya Copley mwaka 1841. Uprofesa wa fizikia mjini Munich, ndoto yake ya ujanani, aliupata mwaka 1852. Alifariki dunia Julai 6, 1854.

Mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 uliidhinisha jina lake kuwa kipimo cha ukinzani.