Maisha ya Warner Sallman, Mchoraji wa Uso wa Yesu

Ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokwisha kutoka shuleni, nataka kuwapa habari za mtu ambaye kazi yake mmeiona mara nyingi, lakini jina lake pengine hamjapata kulisikia. Jina lake ni Warner Sallman. Kama nyumbani kwenu iko picha ya Yesu mwenye nywele ndefu za hudhurungi, uso umegeuka upande, macho yameinuka kidogo, na nyuma yake giza lenye mwanga kama wa jioni, basi huyo ndiye aliyeichora.

Kwetu Bwera ilikuwapo moja. Babu yangu alichimba shaba katika mgodi wa Kilembe, ulioanza kutoa shaba mwaka wa 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa kuwa watu wa makabila mengi walifanya kazi pamoja, na picha aliinunua katika duka moja mjini Kasese. Aliileta nyumbani kwa basi, ameifunga ndani ya blanketi, akaitundika ukutani juu ya kiti chake. Babu hakujua kusoma. Aliamini kabisa kwamba picha ile ilipigwa kwa kamera siku Yesu alipokuwa duniani, nasi wajukuu tukaamini vivyo hivyo. Nilipofumba macho kusali, uso ule ndio niliouona.

Sasa nisimulie habari za mwenyewe. Sallman alizaliwa Chicago, katika nchi ya Marekani, tarehe 30 Aprili 1892. Baba yake alitoka Finland na mama yake Sweden, nao walikuwa watu wa kanisa. Tangu utoto alipenda kuchora, akatazama sana picha za Biblia za Gustave Doré, Mfaransa yule mashuhuri. Alipokua hakuwa na fedha za kukaa darasani mchana kutwa. Mchana alifanya kazi katika viwanda vya picha za matangazo ya biashara, na usiku akaenda kusoma katika chuo cha sanaa cha Chicago. Wale kati yetu waliosoma huku wakifanya kazi watajua maana ya jambo hilo.

Mwaka wa 1914 alihudhuria masomo ya Biblia katika chuo cha Moody, mjini mwake. Mwalimu mmoja wa hapo alimsihi kwamba siku moja amchore Kristo, lakini awe Kristo mwenye nguvu za kiume, si yule dhaifu aliyezoeleka katika picha nyingi. Sallman akayaweka maneno hayo moyoni, akarudi kwenye matangazo yake.

Mwaka wa 1916 alimwoa Ruth Anderson. Mwaka uliofuata akaugua. Madaktari waliona kifua kikuu kimeingia katika tezi zake, wakamwambia kwamba asipopasuliwa huenda asiishi zaidi ya miezi mitatu. Mkewe alikuwa mja mzito. Wawili hao wakasali, wakaamua asipasuliwe, naye akapona. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. (Siku hizi kifua kikuu kina dawa, nami simshauri mtu yeyote kumkimbia daktari.) Nadhani mtu aliyekwisha kuhesabiwa miezi hufanya kazi kwa namna nyingine kuliko sisi tunaodhani siku zetu hazina mwisho.

Baadaye akawa mtu wa picha katika gazeti la kanisa lake, liitwalo Covenant Companion. Kanisa hilo lilianzishwa na Waswidi waliohamia Marekani. Gazeti la Februari 1924 lilihitaji picha ya jalada, na Sallman hakuwa nayo. Alijaribu, akafuta, akajaribu tena, na siku ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa ikawa kesho. Akaenda kulala akiwa amekata tamaa. Kwa masimulizi yake, usiku wa manane aliuona uso wa Kristo waziwazi mbele yake. Akaamka, akapanda kwenye chumba chake cha kazi chini ya paa, akauchora upesi kabla haujampotea. Kesho yake akaumaliza kwa mkaa, akaupeleka gazetini.

Wataalamu waliochunguza jambo hilo wamesema kwamba uso ule unafanana sana na uso wa Kristo katika picha ya mchoraji Mfaransa, Léon Lhermitte, ya mwaka wa 1892. Picha hiyo ilikuwa imechapishwa katika gazeti moja la wanawake la Marekani mwaka wa 1922. Wengine wakisikia hayo humwona Sallman mwongo. Mimi sioni hivyo. Mchoraji hutazama picha nyingi, nazo hukaa kichwani mwake kama mbegu ardhini. Zikichipuka usiku, hajui tena alizipata wapi.

Lakini neno lililonishtua nilipoyasoma haya lilikuwa lile la mkaa. Nilipokuwa darasa la nne, nami nilimchora Yesu kwa mkaa. Niliuchukua jikoni kwa mama, nikanakili ile picha ya babu juu ya karatasi ya daftari. Mkaa ni mkaa, na mkono wangu ulikuwa mzito. Uso ukatoka mweusi, wenye pua kama ya baba yangu. Nikaupeleka kwa mwalimu wetu wa kanisa nikitarajia sifa. Akaichana karatasi mbele ya watoto wote, akaniambia nisimdhihaki Bwana. Miaka mingi sikuchora tena. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akidhani, kama babu, kwamba nimeiharibu picha ya kweli.

Basi turudi Chicago. Mwaka wa 1940 Sallman aliichora upya picha yake kwa rangi za mafuta, nayo ikaitwa Kichwa cha Kristo. Wafanya biashara wawili wa Indianapolis, Kriebel na Bates, wakashika kazi ya kuichapisha na kuiuza. Vita ilipokuja, nakala ndogo za kutia mfukoni ziligawiwa askari wa Marekani. Baada ya vita ikaenda kila mahali, juu ya kalenda, kadi, taa na saa. Hesabu inayotajwa ni nakala zaidi ya milioni 500. Watu walianza hata kuona mambo ndani yake: wengine waliona mkate wa ushirika katika paji la uso, na kikombe katika kipanda cha uso. Mwaka wa 1942 alichora picha nyingine inayojulikana sana, ya Kristo akibisha mlangoni. Mlango ule hauna kishikio kwa nje, kwa hiyo aliye ndani ndiye awezaye kuufungua.

Yeye hakuacha kazi. Alikwenda makanisani akachora kwa chaki mbele ya watu huku akizungumza nao, mpaka uzee. Alifariki tarehe 25 Mei 1968, umri wake miaka 76. Ile picha ya mafuta imehifadhiwa katika chuo kikuu cha Anderson, jimbo la Indiana.

Kabla hajafa, watu wengi walikuwa wamekwisha kuuliza mbona Yesu, Myahudi wa Palestina, afanane na Mswidi. Huku kwetu Afrika Mashariki, Elimo Njau, Mchaga aliyesoma Makerere, alikuwa amejibu kwa vitendo. Kufikia mwaka wa 1959 alikwisha kuchora katika kanisa la Murang'a, Kenya, picha kubwa za ukutani za maisha ya Yesu, na ndani yake nchi ni ya Wakikuyu na watu ni weusi.

Nilipokwisha kuyajua haya yote babu alikuwa hai bado, lakini amelala kitandani. Nilikwenda Bwera nikiwa nimekusudia kumweleza. Niliona heri ajue kuliko kufa katika kosa, na tena, nakiri, nilitaka aone jinsi nilivyosoma. Nikamkuta ameomba kitanda kigeuzwe ili aielekee picha. Kioo kilikuwa kimepasuka na moshi umeiingia pembeni. Nikakaa naye mpaka jioni, tukazungumza habari za Kilembe na za mvua. Sikumwambia.

Picha ile sasa iko kwangu Kasese. Binti yangu aliniuliza juzi ni nani aliyeipiga, nami nikaanza naye Chicago, mwaka wa 1892.