Kanumba: tunakumbuka usiku mmoja, tumesahau miaka kumi ya kazi

Leo tumzungumzie mtu ambaye hakuwa wa huku kwetu, lakini ukipanda basi la Dar miaka ile ilikuwa kawaida kumkuta kwenye TV ya mbele kabla hata hujafika Same. Namzungumzia marehemu Steven Charles Kanumba.

Ukimtaja kijiweni, dakika mbili tu stori imeshahamia kwenye kifo chake. Nani alikuwepo, ilikuwaje, nani kasema nini. Ila jamaa alipiga kazi kama miaka 10, na hiyo ndiyo stori yenyewe.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Akasoma huko huko, baadaye akahamia Dar es Salaam na kusoma sekondari ya Jitegemee. Mwaka 2002 akaingia kundi la Kaole, wale waliokuwa wanarusha michezo ya kuigiza ITV. Ndiko walikopitia pia akina Ray na Johari. Wakati huo kuigiza haikuhesabiwa kama kazi. Mtaa mzima unakujua, watoto wanakuita kwa jina la kwenye mchezo, lakini mfukoni hamna kitu.

Kisha zikaja filamu za kuuzwa mkononi. Kila mtaa ukawa na banda la video, na CD zikawa zinapangwa chini sokoni pamoja na mitumba. Kanumba akawa sura ya zama hizo. Mwaka 2006 akacheza Dar 2 Lagos pamoja na waigizaji wa Nigeria, akiwemo Mercy Johnson. Baadaye ikaja Oprah akiwa na Ray na Irene Uwoya, na hiyo kila mtu aliiona, hata asiyependa sinema.

Kumbuka wakati huo Wanaijeria ndio walikuwa wametuteka. Wengi wetu tuliwaangalia tukaishia kushangaa, yeye akaenda kufanya nao kazi na kujifunza wanavyofanya. Akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film, akawa anatunga, anaongoza na kuigiza mwenyewe. Kwenye Uncle JJ na This Is It akawapa watoto wadogo nafasi kubwa kabisa, na watoto wakamjibu kwa kazi safi. Mwongozaji anayeweza kumtuliza mtoto mbele ya kamera si wa kubeza.

Kuna hili la Kiingereza pia. Mwaka 2009 alialikwa kwenye jumba la Big Brother kule Afrika Kusini. Akaongea Kiingereza chake, Bongo nzima ikamcheka. Sisi tuliotoka shule za kata tunaijua vizuri aibu ile. Wengi wangejificha. Yeye mwaka 2011 akatoka na Devil Kingdom, kazi yake mwenyewe, na aliyecheza naye humo ni Ramsey Nouah, staa mkubwa wa Nigeria. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, mkesha wa Pasaka, nyumbani kwake Sinza. Alikuwa na miaka 28. Baada ya kuagwa viwanja vya Leaders, ambako umati ulifurika mpaka watu wakazimia, akazikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 10. Kesi ikaisha Mahakama Kuu mwaka 2017, msanii mwenzake akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kuua bila kukusudia. Mahakama imeshasema, sisi wa kijiweni hatuna la kuongeza.

Lenye faida kulijadili ni hili hapa. Enzi zile mtengenezaji alikuwa anaiuza filamu kwa msambazaji kwa bei ya mara moja, haki zote zinaondoka. Ziuzwe nakala elfu moja au laki moja, hela yako ni ile ile. Ongeza na CD za kuchoma zilizozagaa mpaka dukani kwa mangi, unaona jinsi mtu alivyoweza kujulikana mpaka Kongo na Burundi bila jina hilo kumletea utajiri wa kufanana nalo. Baada ya msiba, filamu kama Ndoa Yangu ziliendelea kuuzwa. Jiulize hela ilikuwa inaenda wapi.

Kwa hiyo kijana wa Moshi unayeshika kamera leo, au unayerekodi vichekesho kwa simu, jifunze kwa Kanumba mambo mawili. Usingoje Kiingereza kinyooke ndipo uanze. Na kabla hujaweka sahihi kwenye karatasi ya mtu, soma mpaka mstari wa mwisho.

Pumzika kwa amani, The Great. Wadau, filamu yake ipi ilikugusa zaidi? Tiririka hapo chini.