Mfahamu Hans Goldschmidt, mkemia aliyeunga reli kwa kutu na unga wa alumini

Kutu ya chuma na unga wa alumini ni vitu vya kawaida kabisa. Lakini vikichanganywa na kuwashwa, joto hupanda ndani ya sekunde chache hadi nyuzi joto 2,500 hivi, na kinachobaki ni chuma kinachomiminika kama uji.

Aliyeugeuza moto huo kuwa kazi ni Hans Goldschmidt, mkemia wa Ujerumani.

Alizaliwa Berlin mwaka 1861, kwenye familia yenye kiwanda cha kemikali. Alisoma chini ya Robert Bunsen, yule ambaye jina lake liko kwenye kichomeo cha gesi cha maabara za shule. Baadaye aliungana na kaka yake Karl kuendesha kiwanda hicho, kilichohamia Essen.

Mwanzoni hakuwaza reli hata kidogo. Alichotaka ni metali safi kama kromi na manganisi. Wakati huo viwanda vilitumia makaa kutoa metali kwenye madini, lakini kaboni ya makaa ilibaki ndani yake na kuifanya ivunjike kirahisi.

Alumini haina kaboni, halafu ina uchu mkubwa wa oksijeni: inainyang'anya metali nyingine. Hilo lilishajulikana, Mrusi Nikolai Beketov alilionyesha mwaka 1865. Shida ilikuwa namna ya kuwasha. Ukipasha moto mchanganyiko wote kwa pamoja, wote unalipuka kwa mpigo.

Goldschmidt akaja na wazo jepesi: washa sehemu moja tu. Joto la hapo litawasha pembeni yake, na moto utasafiri wenyewe hadi mwisho. Hakuna tanuri, hakuna umeme. Hataza aliiomba mwaka 1895.

Ndipo reli zikaingia. Mwaka 1899 reli za tramu ziliungwa kwa njia hiyo mjini Essen. Chuma kilichoyeyuka hushuka chini, takataka nyepesi huelea juu, kisha chuma hicho huingia kwenye kalibu na kuziba mwanya kati ya vipande viwili. Yaani kile kishindo cha magurudumu kwenye kila kiungio, kinachokula reli na magurudumu, kwisha. Na mafundi waliweza kubeba vifaa vyao hadi popote reli ilipopita.

Lakini moto hauchagui bwana. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, mchanganyiko huohuo ulijazwa kwenye mabomu ya moto ambayo ndege-puto za Ujerumani ziliangusha kwenye miji ya Uingereza. Kwa kuwa unabeba oksijeni yake ndani, kuufunika hakuuzimi, na maji huweza kuongeza hatari.

Goldschmidt alifariki mwaka 1923. Wazo lake halikufa. Mwaka 1967, wanasayansi wa Kisovieti wakiongozwa na Alexander Merzhanov waligundua kuwa unga wa metali na vitu vingine unaweza kuwashwa upande mmja na moto ukapita wenyewe, ukiacha nyuma vitu vigumu sana kama kabidi ya titani, inayotumika kwenye zana za kukatia vyuma.

Na reli? Hadi leo mafundi duniani wanaziunga kwa moto wa Goldschmidt. Ukipanda treni inayoteleza bila kugonga, huenda umepita juu ya kazi yake.