Mchungaji David George, muuza nyama wa Savannah

Vita vya uhuru vya Marekani vinapotajwa, tunasikia zaidi habari za majenerali. Leo tumkumbuke mchungaji mmoja mweusi, David George, aliyezaliwa utumwani Virginia karibu na mwaka 1743.

Alihubiri katika kanisa dogo la Wabatisti weusi huko Silver Bluff, South Carolina. Mwisho wa mwaka 1778 Waingereza waliteka mji wa Savannah, na bwana wake, aliyekuwa upande wa waasi, akakimbia. Waingereza walikuwa wameahidi uhuru kwa watumwa wa waasi, basi David akaenda kwao pamoja na mke wake Phillis na watoto.

Kwanza wakamtia gerezani, kama mwezi mmoja. Mwaka 1779 Wamarekani na Wafaransa walipouzingira mji, kombora la mzinga lilitoboa paa la zizi la farasi ambamo familia iliishi. Wakahamia chini ya sakafu ya nyumba nyingine. Kisha David akashikwa na ndui. Phillis aliwalisha kwa kumfulia nguo Jenerali Clinton. Iliposemwa kwamba Wamarekani wanarudi, mgonjwa alimwomba mke wake awachukue watoto na kumwacha afe. Alibaki na mahindi kidogo. Akayachemsha, akala kidogo tu, mbwa akaingia akamaliza yote! Wapita njia ndio waliompa mchele.

Alipopona alifungua kibanda cha nyama mjini, karibu miaka miwili. Shemeji yake alimtumia ng'ombe, akamuuza, akaweka akiba ya dola 13 na gini kama 3 za nauli ya kwenda Charleston. Askari wa farasi wakaja wakachukua zote. Hawakuwa waasi: walikuwa Waingereza, wale wale walioahidi uhuru. Kwetu mashariki, mama wangapi wa sokoni wangeshangaa?

Waliomwinua ni watu weusi wenzake. Walimkopesha fedha, akanunua nguruwe, na kwa kuwa nyama ilikuwa na soko, deni likaisha upesi na nauli ikapatikana.

Waingereza walipoondoka Charleston mwaka 1782, alisafiri nao mpaka Nova Scotia, akaanzisha kanisa Shelburne. Mwaka 1792 alivuka bahari na watu weusi karibu 1,200 hadi Sierra Leone. Akachunga kanisa la Wabatisti la Freetown mpaka alipofariki mwaka 1810.