Bibi Salme Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Katika nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi yuko mtu atakaye kujifunza jambo ambalo jamaa zake hawalipendi. Pengine ni mama mwenye wajukuu, naye ataka kuzijua herufi kabla ya macho yake kufifia. Pengine ni kijana aliyeacha shule, sasa ataka kurudi, na rafiki zake wamcheka. Pengine ni mwinjilisti ambaye jamaa zake wamwuliza vitabu vyake vitaleta unga wa siku ngapi. Kwa ajili ya watu hao twataka kueleza maisha ya Bibi Salme binti Said wa Unguja. Jina lake lajulikana na wengi, lakini wachache wajua kwamba habari zake zimeungana na habari za Usagara, yaani nchi yetu hii ya Kilosa.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufuoni mwa bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyenyang'anywa kwao angali mtoto akafanywa mtumwa. Jumba lilikuwa na watu wengi wa lugha nyingi, na mtoto alikua akisikia Kiarabu na Kiswahili pamoja na lugha ya mama yake. Alipokuwa na umri wa miaka saba walihamia nyumba ya ndugu yake Majid mjini, naye Majid alimpenda na kumlea vema.

Watoto wa jumba walikuwa na chuo chao. Walikaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, wakasoma Kurani, na mahali pa ubao walitumia mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao huandikwa kwa wino na kuoshwa. Lakini wavulana na wasichana hawakupewa fungu moja. Mvulana alifundishwa kusoma na kuandika. Msichana alifundishwa kusoma tu. Watu waliona haya mwanamke kushika kalamu, na hapana aliyeuliza sababu, maana ndiyo desturi waliyoikuta.

Bassi, binti huyu aliingiwa na hamu ya kuandika. Hakuwa na mwalimu, wala hakuwa na mtu wa kumtia moyo. Akajitafutia mfupa wa ngamia, akauficha, na kila alipokuwa peke yake alifungua Kurani akaziiga herufi zake moja moja. Kitabu alichokwisha kupewa kwa ajili ya kusoma ndicho alichokifanya mwalimu wake wa kuandika. Alipoona kwamba mkono wake umeanza kutii, alimwita mtumwa mmoja wa nyumbani aliyejua maandiko, akamwagiza amwongoze mwandiko uwe mzuri.

Jambo la namna hiyo halifichiki siku nyingi. Habari zilipoenea, lawama zikawa kubwa mno. Yeye hakujali sana, akaendelea. Nasi twaona hapa jambo la kwanza la kuliangalia. Hakungoja ruhusa ya wote ndipo aanze. Lakini pia hakuondoka nyumbani, wala hakuwatukana wakubwa wake. Aliendelea kuishi nao, akala nao, akawapenda, na kalamu hakuiweka chini. Wengi wetu hudhani kwamba kuna njia mbili tu: kuacha jambo ili tupate amani, au kuvunja udugu ili tupate jambo. Yule mtoto alipata njia ya tatu, nayo ni saburi.

Walakini haifai tufiche upande wa pili. Seyyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, na Majid akawa mtawala wa Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alifanya shauri la kumwondoa Majid katika kiti. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, naye Salme alimpenda Khole kupita kiasi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu. Wale wenye shauri walihitaji mtu wa kuandika barua kwa siri, tena awe mtu wa nyumbani. Ni nani aliyejua kuandika? Ni yule binti aliyelaumiwa kwa kushika kalamu. Wakamfanya karani wao, akaandika barua kwa wakubwa, na barua za kuagiza bunduki na baruti. Shauri lile halikufaulu, maana Waingereza walimsaidia Majid kwa manowari yao. Watu walikufa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Elimu ile ile iliyokuwa furaha ya utoto wake, sasa ilikuwa imetumika juu ya ndugu aliyemlea. Majid hakumwadhibu, na baadaye walipatana; lakini alipopatana na Majid, ndipo Khole na Barghash walipomkasirikia. Bassi akabaki katikati, hana upande. Hapa twajifunza kwamba kujua herufi ni mwanzo tu wa kujifunza. Mtu akiisha kujua kuandika, yampasa kujifunza tena ni kwa ajili ya nani aandikapo. Mtu aliyevumilia lawama za jamaa zake anaweza kuanguka kwa ajili ya upendo wao, akifanya neno ambalo moyo wake walikataa.

Baada ya hayo alikaa mashambani, kisha akarudi mjini. Nyumba yake ilikuwa jirani na nyumba ya mfanya biashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Walipendana, naye akachukua mimba. Hatari ya maisha yake ilikuwa kubwa, hivyo mwezi wa Agosti 1866 aliondoka Unguja usiku katika manowari ya Kiingereza, akaenda Aden. Huko alizaa mtoto, ambaye hakuishi siku nyingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akaolewa na Ruete, wakasafiri kwenda Hamburg. Toka siku hiyo jamaa zake wengi walimhesabu kuwa amekufa.

Ulaya haikuwa pumziko. Alikuta baridi, lugha asiyoijua, na watu waliomtazama kama kitu cha ajabu. Alizaa watoto watatu, kisha mwezi wa Agosti 1870 mume wake aliumizwa na gari la abiria la relini akafa. Yule mama hakuwa ametimiza miaka 26. Binti wa mfalme, aliyekua akihudumiwa na watumwa, sasa ilimlazimu kuhesabu kila senti. Ndipo alipoanza tena kazi ile ya mfupa wa ngamia, safari hii kwa Kijerumani. Alijifunza lugha hata akaweza kuiandika vizuri, akawafundisha wengine Kiarabu kwa malipo ili apate kuwalea watoto wake.

Sasa twafika katika nchi yetu. Tarehe 29 Novemba 1884 Karl Peters alifika kwa Mangungu wa Msovero, kaskazini ya mji wa Kilosa, akamfanya atie alama yake katika hati iliyosema kwamba ameitoa nchi yake yote pamoja na haki zake. Hati hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Mangungu hakuijua. Mwezi wa Februari 1885 Serikali ya Ujerumani ilitangaza ulinzi wake juu ya Usagara na nchi jirani. Barghash, ambaye wakati huo ndiye Sultani wa Unguja, alikataa kwa nguvu. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilikuja zikasimama mbele ya mji wake, na pamoja nazo aliletwa Bibi Salme na watoto wake, naye alikuwa akitumaini kupewa urithi wake na kupatana na ndugu yake.

Watu wa mjini walimsalimu kwa furaha njiani, lakini Barghash hakukubali kumwona. Sultani alipoona mizinga, aliacha kuipinga hati ya Usagara. Nao Wajerumani walipoipata Usagara, hawakumshughulikia tena yule mama na urithi wake. Hivyo Kilosa ilitwaliwa kwa maandiko ambayo mwenye nchi hakuweza kuyasoma, na mwanamke mwenye elimu alitumiwa ili kuyatia nguvu. Tukiwatazama wawili hao pamoja twapata maana kamili. Kutojua kusoma ni hatari kubwa. Lakini hata ajuaye aweza kufanywa chombo mikononi mwa wengine, asipoyapima yale wanayomtakia.

Mwaka 1886 alichapisha huko Berlin kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, kwa Kijerumani. Alikianza akiwafikiri watoto wake, ili kama akifa mapema wapate kujua mama yao alitoka wapi. Hapa kalamu haikumtumikia ndugu mwenye shauri la vita, wala serikali yenye kutafuta nchi. Ilimtumikia yeye na wale aliopewa kuwalea. Humo ndimo watu wa leo wasomapo mambo ya ndani ya majumba ya Unguja, ambayo hapana mwingine aliyeyaandika, kwa kuwa wanawake wa jumbani hawakufundishwa kuandika. Mwaka 1888 alirudi Unguja mara ya pili, wala hakupata alichotaka. Alikaa miaka mingi Beirut, na tarehe 29 Februari 1924 alifariki Jena, Ujerumani, mwenye umri wa miaka 79.

Hatusemi kwamba maisha yake yalikuwa na raha. Jamaa zake hawakumrudia wote, na kwao alikufa hajakaa tena. Mtu akikwambia kwamba ukijifunza kwa bidii watu wote watakusifu mwisho, hakuambii kweli. Wengine watakusifu, wengine watakaa na hasira yao mpaka kaburini. Lakini kile alichojifunza mtoto wa Mtoni kwa siri hapana aliyeweza kumnyang'anya. Urithi wa mashamba ulipotea, jina la kifalme lilipotea, mume alikufa. Herufi zilibaki, zikawalisha watoto wake.

Bassi, mama wa Mikumi unayetaka kusoma, anza na kitabu kilichomo nyumbani mwako sasa. Kijana wa Kilosa unayechekwa, usiwachukie wakuchekao; kula nao, fanya kazi nao, na jioni shika kitabu chako. Nawe mwinjilisti, ukiisha kuwafundisha watu herufi usidhani kazi imekwisha. Wafundishe pia kuuliza, kabla ya kutia jina katika karatasi yo yote: hii yasema nini, na ni nani atakayefaidika? Kama neno hilo lingeulizwa na kujibiwa kwa kweli kule Msovero mwaka 1884, pengine habari za nchi hii zingesimuliwa kwa namna nyingine.