Abdus Salam: Aliyetaka wanasayansi wasihame kwao

TENGERU, chini ya Mlima Meru na jirani na jiji la Arusha, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011 ili Mwafrika asome sayansi ya juu bila kuihama Afrika. Zamani kidogo, Profesa Abdus Salam alikosa nafasi kama hiyo nchini kwake.

Mwanafizikia huyo alizaliwa mwaka 1926 huko Jhang, Pakistan ya leo. Baada ya masomo Cambridge, alirejea Lahore mwaka 1951 kufundisha, akajikuta mpweke kitaaluma. Mwaka 1954 alifunga virago, akarudi Uingereza kwa uchungu.

Chuoni Imperial, London, alimsimamia Yuval Ne'eman. Mwaka 1961 mwanafunzi huyo, sambamba na Murray Gell-Mann wa Marekani, alizipanga kwa makundi hadroni, yaani chembe za jamii ya protoni. Mpango huo ulibashiri chembe ya omega hasi, iliyoonekana Brookhaven, Marekani, mwaka 1964.

Mwaka 1979 Salam alitunukiwa Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuunganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya kiini cha atomu. Chembe za W na Z walizozibashiri zilipatikana mwaka 1983 katika mtambo wa kugonganisha chembe wa CERN, Geneva. Leptokwaki, chembe ngeni zilizomo katika nadharia aliyoitunga na Jogesh Pati, zingali zikitafutwa huko.

Hakuusahau upweke wa Lahore. Mwaka 1964 alianzisha Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia mjini Trieste, Italia. Msomi wa nchi maskini hukaa hapo kwa muda, akajadiliana na wenzake, kisha akarejea kufundisha kwao.

Kwao, hata hivyo, palimkataa. Mwaka 1974 Bunge la Pakistan lilipowatangaza Waahmadiyya, madhehebu yake, kuwa si Waislamu, alijiuzulu ushauri wa sayansi serikalini. Uraia wake hakuuacha. Alifariki dunia Oxford mwaka 1996, akazikwa Rabwah, Pakistan. Baadaye neno Mwislamu likafutwa kaburini pake.

Kituo chake sasa kina jina lake, na mwaka 2018 tawi lilifunguliwa Kigali, Rwanda. Kijana wa Arusha anayetamani fizikia hiyo ana mlango ndani ya Afrika Mashariki.